Injini Inayokata Pumzi Katikati ya Ziwa

Tengeru, Arusha
Jumapili, 22 Agosti 1993

Kwa dada yangu Osmunda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, dada. Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kigoda cha mninga ulichompa Bernadeta siku ya harusi yetu. Mguu mmoja umelegea, lakini bado kinanibeba. Miguu yako wewe inasemaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba inavimba ukirudi shambani. Na shemeji, bado anakohoa asubuhi? Mvua za mwisho ziliwaachia maharage au ziliyaozesha? Huku Agosti ni baridi tu. Mlima Meru hatujauona siku nyingi, umejifunika mawingu kama mwenye homa, na upepo wake unashuka mpaka huku bondeni kila alasiri.

Agnes na mimi ni wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo haikutulia muda mrefu, na nilishindwa kukuandikia kwa sababu ya woga. Niliona nikiliandika jambo lenyewe litakuwa kweli. Sasa nimeufikia mwisho wake, nakueleza lote, na utaona kwa nini nakueleza wewe.

Unajua shamba la kahawa lililonileta huku kutoka Mbinga liliuzwa. Wenyewe wapya walikuja na mashine zao na watu wao, sisi wa zamani tukapunguzwa. Siku hizi kila kitu ruksa. Maduka ya mjini yamejaa sabuni na vitenge na redio, lakini kazi ndiyo imekuwa bidhaa adimu. Meneja wa zamani, alipokuwa anafunga mizigo yake, aliniuzia boti ya bati aliyokuwa akivulia samaki siku za Jumapili kwenye ziwa Duluti, pamoja na injini yake ya kuning'iniza nyuma, ya zamani, imebabuka rangi. Kiinua mgongo changu kiliishia hapo. Usinigombeze, dada. Niliona watalii wanaongezeka, na watu wa mjini nao siku za sikukuu wanatafuta mahali pa kwenda. Nikasema mwenye boti pale hatalala njaa. Sikujiuliza kama mtu wa milimani, aliyekulia kwenye mashamba yetu ya ngoro, yale ya mashimo mteremkoni, ambako maji mengi kuliko yote ni ya mtungini, anaweza kuwa nahodha. Kuogelea sijui mpaka leo.

Duluti si ziwa kubwa. Lakini ni shimo la volkano ya kale, na kingo zake ni kuta za msitu zinazoshuka mpaka majini. Pa kushukia ni upande huu wetu tu. Upande wa pili kuna mizizi, miti iliyoanguka, na kenge wanaoota jua. Kina chake watu wanakibishania, na wengine wanasema halina chini.

Siku ya kununua, meneja alinizungusha ziwa zima mara mbili. Injini haikukohoa hata mara moja. Nikairudisha boti ufukweni nikifurahi, Bernadeta akiwa amesimama pale na khanga yake ya kijani. Wakati ule bado alikuwa anatembea, ingawa kwa kushika vitu. Nikamwita apande. Akasema, "Mimi ni wa nchi kavu, Baba Agnes. Wewe panda, mimi nitatunza mafuta."

Na kweli aliyatunza. Tangi la mafuta la ile boti ni la bati, jekundu, linakaa pembeni ndani ya boti na kuunganishwa na injini kwa mpira. Alilichukua nyumbani akaliosha kwa sabuni kama anaosha sufuria ya wageni. Alipogeuza kifuniko akaona kitundu chembamba kama cha sindano. Akasema, "Hapa mafuta yanatoroka." Unakumbuka ile miaka ya uhaba, ulipokuja kumuuguza alipojifungua Agnes? Kila chupa ya mafuta ya taa ndani mwetu ilikuwa na kipande cha nailoni chini ya kifuniko. "Mafuta yana mbawa," ndiyo kauli yake. Basi akakata kipande cha mfuko wa bluu, akakikunja mara mbili, akakipachika ndani ya kifuniko cha tangi, akakaza kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akanipa. Akaenda kulala. Baada ya hapo sikumwona tena akishika kazi yoyote, na mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, tukamzika.

Boti ilikaa imefunikwa mpaka tulipomaliza matanga. Kisha nikaanza kazi.

Siku ya kwanza nilibeba Wazungu wawili, mtu na mkewe, wapole. Tulipofika katikati, injini ikabadilisha sauti, ikawa kama mtu anayetafuta neno la kusema, ikanyamaza. Dada, hujui ukimya ulivyo pale. Unasikia maji yakigonga bati chini ya miguu yako, na unajua chini ya lile bati hakuna kitu. Nilifungua tangi nione kama mafuta yamekwisha. Yalikuwepo tele. Nikafunga, nikavuta kamba ya kuwashia, ikawaka. Nikajiambia imechoka, imepumzika, kama ng'ombe wa plau.

Safari ya pili ikazima tena, na ikazima pale pale. Kuna mti mkubwa uliokauka upande wa msitu, na kuna nyumba ya bati upande wetu. Boti ilikuwa katikati ya hivyo viwili, kama mara ya kwanza. Nikaipumzisha kama nilivyofikiri inataka, nikaisubiri mpaka abiria wakaanza kutazamana. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Wapi. Tulirudi kwa kasia moja, tukizunguka kama kipofu.

Nikaanza kuuliza watu. Mmoja akasema ni plagi, nikabadilisha plagi. Mwingine akasema petroli ya siku hizi ina maji, nikawa naichuja kwa kitambaa. Kila nilipojaza tangi, ile nailoni niliitoa kwa ncha za vidole, nikaipangusa, nikairudisha kwa mikunjo ile ile aliyoikunja mwenyewe. Mwishowe nikaibeba injini peke yake kwa mkokoteni na gari mpaka kwa fundi mmoja kule Elerai. Akaitumbukiza mguu kwenye pipa la maji, akaiunganisha na galoni yake ya mafuta, akaiwasha. Ilinguruma mchana kutwa, dada. Mpaka majirani wakaja kulalamika.

"Ero," akaniambia, maana huyo ni Mwarusha wa rika langu, "mashine hii ni nzima kuliko wewe."

"Mbona inazimika ziwani?"

"Basi mgonjwa ni ziwa. Niletee hilo ziwa nilifungue."

Vijana wake wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini njia nzima ya kurudi neno lile lilinikaa kifuani. Injini ikiwa nchi kavu ni nzima. Ikifika mahali pale inakufa. Nikairudisha, nikaenda nayo peke yangu, ikazima kati ya mti mkavu na nyumba ya bati.

Kuna mzee Mmeru, mzee Nnko, anayevua perege kwa ndoano pale ufukweni. Aliniona nikipiga kasia kurudi. Hakuniuliza habari ya plagi. Aliniuliza, "Marehemu mama watoto aliipenda hii boti?"

Nilijua jibu. Mimi ni wa nchi kavu, alisema. Tangu siku hiyo nikaanza kuogopa kwa namna nyingine. Nikilala nasikia ile sauti ya injini inavyodhoofika. Niliona kwamba ni yeye, ananizuia, au ananiita, na sikujua lipi kati ya hayo mawili ndilo baya zaidi. Nilisali rozari nikiwa nimeshika usukani. Agnes akanigundua. Anafanya kazi kwa fundi cherehani Engutoto, anarudi jioni, na ana macho ya mama yake. Akaniambia, "Baba, mwaka huu nimeshazika mmoja. Uza hiyo boti." Nikamwambia nikiiuza tutakula nini. Akasema, "Tutakula tukiwa hai." Tukakubaliana: ikizima mara moja tu zaidi, nauza, hata kwa bei ya chuma chakavu.

Sasa sikia habari ya Jumamosi ya wiki iliyopita.

Walikuja akina mama wa kwaya ya usharika wa Kilutheri, saba, wamevaa sare zao za zambarau, wametoka kuimba kwenye harusi. Walitaka kuzunguka ziwa na kupigwa picha. Kiongozi wao ni Mama Kaaya, mwanamke mnene, mcheshi, sauti yake inafika kabla yake. Nikawaambia wapande wanne wanne. Wakakataa kutengana. Boti ilikuwa inawabeba, lakini ukingo wake ulikuwa karibu na maji kuliko nilivyopenda.

"Nahodha, mbona mikono inatetemeka?" Mama Kaaya akaniuliza. "Umeona uzuri wetu?"

"Ni baridi, mama."

"Baridi! Na jasho hilo usoni?" Wakacheka. Kisha mmoja wao, mwembamba, ambaye hakuwa amecheka, akamnyooshea kidole Agnes aliyekuwa ameniletea chakula. "Yule ni nani?"

"Mwanangu."

"Na yeye apande. Mwenye chombo akimwacha mwanawe ufukweni, kuna jambo analijua."

Nilitaka kusema hapana. Lakini ningesema hapana kwa sababu gani, mbele ya watu ambao nilikuwa tayari kuwapakia? Agnes alinitazama tu, akavua viatu, akaenda kukaa mbele kabisa. Nilikuwa na tyubu moja ya gurudumu la lori kwa ajili ya hatari. Nilimtupia yeye. Akampa yule mama mwembamba.

Tukaenda. Waliimba. Sauti zao zilipiga ule ukuta wa msitu zikarudi, ikawa kama kuna kwaya nyingine ng'ambo inawajibu. Mimi nilikuwa natazama mti mkavu ukisogea, na nyumba ya bati ikisogea. Vilipokaribia kukutana kwenye mstari mmoja na boti nikaacha kupumua. Injini ikabadilisha sauti.

Ikazima.

Waliendelea kuimba ubeti mzima kabla hawajajua. Kisha sauti moja moja ikaacha. Upepo wa Meru ulikuwa umeanza kushuka, ukatushika ubavuni na kutusukuma kuelekea ule upande usio na pa kushukia. Nilivuta kamba. Nilivuta. Agnes alishika kasia, lakini kasia moja kwa watu tisa ni kama kijiko. Tukaanza kuona miti iliyozama, matawi yake yakitokeza majini kama vidole. Mama mmoja wa mbele akasimama adake tawi.

Boti ikalala upande wake, na maji yakaingia. Yalikuwa baridi mno, dada, yakajaa kwenye viatu vyangu.

"Baba, maji!"

"Kaa chini! Mama, kaa chini!"

"Nikae nife nimekaa?" yule mama akapiga kelele.

"Kaa, wewe!" Mama Kaaya akamngurumia. "Mbinguni hawaingii kwa kusimama!" Akamvuta sketi mpaka akaketi. Boti ikarudi sawa, ikiwa nzito. Agnes akaanza kuchota maji kwa kopo. Hakulia. Alikuwa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, akiwa amekunja midomo namna ile mama yake alivyokuwa akiikunja alipopepeta mchele. Nilimtazama nikaona nimemleta mwenyewe, kwa mikono yangu, mahali pale pale. Niliongea na Bernadeta kwa sauti, mbele ya watu wote. Nilimwambia, "Huyu mwache."

Hapo ndipo Mama Kaaya, aliyekuwa amekaa nyuma karibu yangu na miguu yake imelibana lile tangi, aliposema, "Nahodha, kopo lako hili la mafuta limeingia tumbo. Nilipokaa lilikuwa limenona."

Nikatazama. Ubavu wa tangi ulikuwa umebonyea kwa ndani. Nikatazama ule mpira wa mafuta. Kuna kibofu katikati yake cha kubonyeza kabla ya kuwasha. Kilikuwa kimenyauka, kimeshikana kama mashavu ya bibi asiye na meno.

Nikakuona wewe, dada. Nilikuona tukiwa watoto jikoni kwa mama, lile kopo la mafuta ya kula waliyotugawia misheni. Nimelitoboa tundu moja kwa msumari, nalipindua juu ya kikaango, linatoa tone na kunyamaza, linatoa tone na kunyamaza. Nalitikisa, nalipiga, nakaribia kulia kwa sababu mama anarudi. Ukaninyang'anya msumari. Ukasema, "Kandidus, kopo nalo linataka kupumua. Litoboe na upande wa pili." Ukalitoboa, mafuta yakaja yenyewe kama uzi.

Nilikishika kifuniko. Kilikuwa kimekaza, na vidole vyangu vimelowa. Mama Kaaya akaweka kiganja chake juu ya changu, tukazungusha pamoja. Likavuta pumzi, dada. Nakuapia, lile tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, kisha bati likaruka mahali pake, bu! Akina mama wakaita jina la Yesu. Nikabonyeza kile kibofu, kikajaa. Nikavuta kamba mara moja, haikuwaka. Nikavuta tena, ikakohoa moshi. Nikavuta tena, ikanguruma, na tawi la kwanza lilikuwa tayari linakwaruza bati.

Tulirudi kifuniko kikiwa wazi. Hakuna aliyeimba. Tulipogusa mchanga ndipo wakaimba, wamesimama ndani ya maji mpaka magotini, sare zimelowa. Mama Kaaya alinishika bega akasema, "Nahodha, tutarudi. Lakini tutakuja na makasia yetu, na wewe ndiye utakayeimba." Kisha akasogea, akaniuliza polepole, "Huyo uliyekuwa unaongea naye ni mama yake binti?" Nikaitika kwa kichwa. Alinifungia shuka lake mabegani, na mpaka leo hajalidai.

Walipoondoka nilikaa ufukweni, kifuniko mkononi. Ile nailoni ilikuwa ndani, imekunjwa mara mbili, ina alama ya kile kitundu katikati yake. Kitundu kile kiliwekwa ili hewa iingie mafuta yanapotoka. Alikiziba kwa sababu alitupenda. Siku ile ya meneja hakikuwa kimezibwa. Kule Elerai fundi alitumia galoni yake. Na ilizima mahali pamoja kwa sababu kila mara nililijaza tangi kipimo kile kile, na hewa iliyobaki ndani ilikuwa inatosha kufika mahali pamoja tu. Nilikuwa na majibu yote mkononi, na bado nilishindwa kuitoa ile nailoni. Kuitoa kuipangusa nilizoea. Kuitoa bila kuirudisha ndiyo niliyoiogopa, pengine kuliko nilivyoliogopa ziwa.

Agnes alikuja akakaa kando yangu, nguo zake zinadondosha maji. Akaitazama. "Huo ni mfuko uliokuja na sweta langu la shule," akasema. Nikamweleza yote, hata yale ya mzee Nnko, hata niliyokuwa nafikiri usiku. Akasema, "Mama alikuwa hakuiti, Baba. Alikuwa anafunga mafuta." Akaitoa kwa ukucha, taratibu, bila kuharibu mikunjo, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Sasa iko nyumbani, chini ya kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa. Huko haina kosa.

Leo baada ya Misa tulikwenda ziwani, mimi na Agnes tu. Alipanda mwenyewe, sikumwomba. Habari ya kuuza hakuitaja, na mimi sikuitaja. Nimenunua kasia la pili, na nimeapa kwamba watu ni wanne, basi. Tulikwenda mpaka mti mkavu na nyumba ya bati vikakutana. Nilikuwa nimeshika ukingo wa boti mpaka vidole vikafa ganzi. Injini haikubadilisha sauti. Tukapita. Niligeuka nyuma kutazama, na yalikuwa maji tu, dada, maji kama ya sehemu nyingine. Sikutegemea kwamba hilo nalo lingeniuma. Miezi yote hii niliogopa kwamba yupo pale, na leo nililia kwa sababu hayupo. Agnes hakugeuka. Aliacha nilie, akaendelea kuimba ule wimbo wa wale akina mama.

Bado naogopa. Sitakudanganya. Lakini sasa naogopa maji, kama mtu yeyote asiyejua kuogelea.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze tumbaku. Msalimie mama mdogo aliyenifundisha kusoma saa, na wajomba wote wa upande wa kanisani, na mjukuu wako mpya ambaye bado hamjanitajia jina lake. Mchungaji wa mbuzi wetu wa zamani, kama yu hai, mwambie nakumbuka filimbi yake. Agnes anakusalimu, anasema utume vipimo vya gauni, atakushonea.

Mkienda makaburini mwezi wa kumi na moja kuwawashia mishumaa marehemu wetu, washeni mmoja kwa ajili ya Bernadeta, ingawa amelala huku mbali nanyi. Na ukitoboa kopo la mafuta, dada, nikumbuke.

Mdogo wako,
Kandidus